Imani ya Mama Anayelea Mtoto Mwenye Usonji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mama aliyeambiwa kwamba mtoto wake ana usonji, au anayeanza kushuku hivyo, na ambaye kabla ya jambo lolote ni mtu wa kuomba. Mimi ni mama wa mtoto mwenye usonji, na ni Mkristo. Akina mama Waislamu ninaoketi nao katika vyumba vya kusubiria daktari huuliza maswali yale yale, wakati mwingine neno kwa neno, na kwa hiyo majibu haya yanagusa pande zote mbili pale ninapokuwa na hakika. Mambo ya tiba yameelezwa kwa kiasi anachohitaji mama ili maombi yake yasijengwe juu ya habari za uongo; hayachukui nafasi ya daktari anayemjua mtoto wako.

Usonji ni nini, na kwa nini niuelewe kabla ya kuuombea?

Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Chanzo chake kwa sehemu kubwa kiko kabla mtoto hajazaliwa, na mtoto hukua nao hadi utu uzima. Huonekana katika mambo mawili makubwa: ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu, na mienendo inayojirudia pamoja na mapenzi makali kwa vitu vichache, au milango ya fahamu inayopokea sauti, mwanga, mguso na ladha kwa ukali usio wa kawaida. Mtoto mmoja hasemi neno. Mwingine anasema sana na kwa ufasaha, lakini hajui aanzie wapi kujiunga na wenzake wanaocheza. Wote wawili wana usonji, na tangu mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi unaotolewa na Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani unawaweka chini ya jina moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji, kwa hiyo katika kusanyiko lolote kubwa la ibada huenda ikawapo familia nyingine kama yako, hata kama imekaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka anapoitwa jina lake, mtoto wa miezi 18 asiyeonyesha kitu kwa kidole, na mtoto wa umri wowote aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, wote wanastahili kuchunguzwa mapema. Ninajua ushauri wa kwamba atasema tu wakati wake ukifika, na ninajua hutolewa kwa upendo, lakini miezi inayopotea katika kusubiri ndiyo ile ambayo mtoto angeweza kuanza kufundishwa njia ya kuomba maji bila kulia.

Uelewa huu unabadilisha maombi yenyewe. Mama anayedhani mtoto wake ni mkaidi ataomba apewe utii, na huenda akashika fimbo. Mama anayejua kwamba mtoto ameshindwa kuvumilia kelele ataomba hekima, kisha atainuka na kuzima redio.

Je, ni kwa sababu ya dhambi yangu, laana ya ukoo, au uchache wa imani yangu?

Hapana. Ninalijibu hivi kwa neno moja kwanza kwa sababu mama anayeuliza swali hili kwa kawaida amekwisha kulijibu mwenyewe usiku, na amejihukumu.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kuuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anayakataa majibu yote mawili waliyomwekea. Ningependa kila mama aisome sura hiyo hadi mwisho, kwa kuwa mbele kidogo wazazi wa mtu yule wanaitwa na wakubwa wa dini na kuhojiwa kuhusu mtoto wao, nao wanajibu kwa hofu ya kutengwa na sinagogi. Mama aliyewahi kukalishwa mbele ya wazee na kuulizwa alifanya nini hata akazaa mtoto wa namna hii atawatambua mara moja. Kurani nayo inasema katika sura ya 6, aya ya 164, kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Anayetangaza kwamba mtoto wa miaka 3 analipa deni la babu yake anasema kinyume cha maandiko haya mawili.

Mama anapaswa kujua pia kwamba hata wataalamu waliwahi kuwalaumu akina mama. Leo Kanner, daktari aliyechapisha mwaka 1943 maelezo ya watoto 11 wenye usonji, aligusia ubaridi aliodhani anauona kwa wazazi wao, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliieneza sana dhana hiyo kwa kudai kwamba mama asiye na upendo ndiye humfanya mtoto ajifungie ndani ya nafsi yake. Wakati huo mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1964 kwamba chanzo kimo mwilini. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha ulioonyesha kwamba urithi una nafasi kubwa. Na urithi wa kibaiolojia si laana. Ndio ulioleta rangi ya macho ya mwanao na umbo la vidole vyake, na hakuna anayetubu kwa ajili ya hayo.

Kuhusu chanjo, jibu nalo ni hapana. Makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, iliyohusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ilifutwa na jarida hilo mwaka 2010, na daktari aliyeiongoza, Andrew Wakefield, akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Uchunguzi wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto zaidi ya 650,000 bila kuona uhusiano wowote. Mama aliyempeleka mwanawe kliniki akapate chanjo alimlinda.

Watu wanasema ana pepo, au ana jini. Niwajibu nini?

Anza kwa kueleza wanachokiona. Mtoto anapojitupa chini, akapiga kelele, akajipiga kichwa au kuwasukuma watu, mara nyingi amezidiwa: taa, vipaza sauti, harufu, mikono ya watu wanaomsalimia na mabadiliko ya ratiba vimeingia kwa pamoja na hana maneno ya kusema basi. Apelekwe mahali pa utulivu, watu wapungue, sauti zipungue, naye atarudi katika hali yake. Jambo linalotulia kwa kupunguza kelele halihitaji kukemewa kwa kelele kubwa zaidi.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Marko 9, cha kijana anayeanguka, kutoka povu na kusaga meno. Sitaki kubishana na mtu anayekisoma kisa hicho kama kilivyoandikwa. Ninachosema ni kwamba kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, kwa hiyo mtoto mwenye dalili kama hizo afikishwe kwa daktari bila kuchelewa. Na hata kwa anayesisitiza kwamba yule alikuwa na pepo, namwomba aangalie jinsi Yesu anavyotenda: anamuuliza baba hali hii ilianza lini, anamsikiliza akisema kwamba anaamini lakini asaidiwe kutokuamini kwake, kisha anamshika kijana mkono na kumwinua. Hakuna anayemfunga kijana yule, hakuna anayemchapa, hakuna anayemnyima chakula.

Ninasema hivi kwa uzito kwa sababu watoto wamekufa. Mwezi Agosti 2003, katika kanisa dogo mjini Milwaukee, Marekani, mtoto wa miaka 8 mwenye usonji alikata roho wakati wa maombi ya kumtoa pepo, baada ya mtu mzima kumlalia kifuani. Uchunguzi ulionyesha kwamba alikosa pumzi, na aliyeongoza maombi yale alihukumiwa kifungo. Mama wa mtoto alikuwamo humo ndani.

Kwa hiyo mpaka wangu ni huu, na ninamshauri kila mama auseme mapema, kwa adabu na bila kutetemeka: mtu akitaka kumwombea mwanangu, au kumsomea Kurani kwa mama Mwislamu, na afanye hivyo kwa sauti ya chini, mama akiwapo, mtoto akiwa huru kuinuka na kuondoka. Hashikwi kwa nguvu, hafungwi kamba, hafungishwi chakula, halazimishwi kunywa wala kunusishwa kitu, haachwi na mtu usiku kwa ajili ya mkesha. Mtumishi wa kweli wa Mungu hataona ugumu katika masharti haya, na anayekasirishwa nayo amekupa sababu ya kutosha ya kumkatalia.

Nikimpeleka kwa wataalamu, je, nimepungukiwa na imani?

Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, akaahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Habari hiyo imo katika Wafalme wa Pili, sura ya 20. Mtume Muhammad naye aliwaagiza waumini watafute tiba. Hakuna dawa inayoondoa usonji, lakini mtaalamu wa tiba ya usemi, mtaalamu wa tiba kazi, anayemsaidia mtoto kuzimudu shughuli za kila siku, na mwalimu wa elimu maalumu humfungulia mtoto milango mingi, na daktari anaweza kutibu kifafa, kukosa usingizi, wasiwasi na maumivu ya tumbo ambayo mtoto hana njia ya kuyasema.

Je, ni sawa kuomba mwanangu apone?

Mungu hakatazi ombi la mama. Hata hivyo ninamwomba mama aangalie kwa makini anachokiomba, kwa sababu mtoto yumo chumbani.

Watu wazima wenye usonji wameandika kwa miaka mingi kwamba mzazi anapoomba usonji uondoke, wao husikia kwamba mzazi anatamani mtoto mwingine awe amekaa mahali pao. Usonji haukumkalia mtoto juujuu. Umo katika namna anavyosikia muziki, anavyokumbuka njia, anavyocheka, anavyokupenda. Mtoto asiyesema anaweza kuelewa mengi sana, na amesikia jina lake likitajwa mbele ya kusanyiko pamoja na neno ugonjwa. Ninaamini Mungu anamjua mwanangu kama alivyo, na kwamba Zaburi ya 139 inaposema habari za kuumbwa tumboni mwa mama inamsema na yeye.

Kinachoombewa bila wasiwasi wowote ni mateso, kila teso kwa jina lake. Omba usingizi. Omba degedege likome. Omba apate njia ya kusema anaumwa wapi. Omba mwalimu mwenye subira. Mwanangu alikuwa akiuma kifundo cha mkono wake hadi ngozi ikawa ngumu na nyeusi, nami nilimwomba Mungu jambo hilo likome. Katika kipindi hicho mtaalamu wa tiba kazi alikaa sakafuni akamtazama kwa muda mrefu, akatuambia kwamba anauma kila inapowashwa mashine ya kusaga matunda na kila mtu mmoja anapotoka nyumbani bila kuaga. Tukaanza kumwonyesha picha kabla ya sauti kuanza, tukampa kipande cha mpira cha kutafuna, tukaacha kutoka kwa kunyata. Ngozi ile ilianza kulainika. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda wa kifundo cha mkono, na baadhi ya watu walionekana kusubiri sehemu iliyobaki, ile ambayo mtoto anaanza kusema. Kwangu mimi ushuhuda ulikuwa umekamilika.

Hapo ndipo makusanyiko yetu yanapowaumiza akina mama bila kukusudia. Tukiacha nafasi ya ushuhuda iwe ya wale tu ambao ombi lao limejibiwa kama walivyotaka, mama wa mtoto mwenye usonji atajifunza kunyamaza, kisha atajifunza kukaa nyumbani. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe katika mwili wake, na haukuondolewa. Alijibiwa kwamba neema inamtosha, na hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ilikuwa haba.

Nimeuziwa, au nimeshauriwa, dawa ya muujiza. Nimpe?

Usimpe. Kuna kimiminika kinachouzwa kwa jina la muujiza ambacho kikichanganywa na tindikali, kama ile ya limau, hutoa klorini dioksidi, kemikali ya kusafishia na kupaushia vitambaa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuhusu kimiminika hicho mwaka 2010 na tena mwaka 2019, kwa kuwa kinasababisha kutapika, kuharisha na kushuka kwa shinikizo la damu hadi kiwango cha hatari. Kimeuzwa kwa wazazi wa watoto wenye usonji hata na watu waliojiita kanisa. Dawa za kutoa madini mazito mwilini, ambazo zina matumizi halali kwa aliyedhurika na sumu ya madini ya risasi, nazo zimetumiwa kwa usonji bila msingi, na mtoto mmoja alikufa kwa sababu hiyo nchini Marekani mwaka 2005. Anayekutajia jina la Mungu na bei katika sentensi moja, huku akikukataza kumwambia daktari, amejieleza vya kutosha.

Mtoto wangu hasemi. Nitamfundishaje kuomba?

Kwa njia ile ile unayomfundisha kuomba maji. Kama anatumia picha, iwepo picha ya maombi. Kama anatumia ishara za mikono, ipo ishara. Kadi za mwanangu zimetobolewa kwenye pembe na kuvishwa pete moja ya chuma. Kadi ya mikono miwili iliyokutanishwa imechakaa kuliko zote, kwa sababu kabla ya kila mlo huipapasa kwa kidole gumba kutoka chini kwenda juu, na tukisahau kumsubiri amalize hasogezi sahani yake. Sijui ni nini kinachopita ndani yake wakati ule, na sioni sababu ya kumdai maelezo ambayo simdai mtu mwingine yeyote mezani.

Watoto wengi wenye usonji hurudia maneno waliyoyasikia. Akiitikia amina katikati ya mahubiri, au akikariri sala nzima ya Baba Yetu akiwa anaoga, usifanye haraka kuamua kwamba ni kasuku tu. Kurudia maneno ni hatua ya kweli ya lugha kwa watoto hawa, na mara nyingi hulitumia fungu zima la maneno kusema jambo moja: nimefurahi, nina hofu, nataka turudi pale. Mama anayesikiliza kwa makini hujifunza ni jambo gani.

Musa alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, na Kurani, sura ya 20, inamwonyesha akiomba fundo la ulimi wake lifunguliwe. Mungu aliongea naye akiwa na ulimi ule ule, na akampa Haruni wa kumsaidia kusema. Nawe unaweza kuwa Haruni kwa muda, mradi ukumbuke kuacha nafasi ili mtoto ajisemee anapoweza.

Nifanye nini ili ibada iwezekane, na niwajibu nini wanaotukodolea macho?

Fika mapema kabla watu hawajajaa, mtoto aone ukumbi ukiwa kimya. Kaa pembeni, karibu na mlango na mbali na vipaza sauti. Mvalishe viziba masikio kabla kwaya haijaanza, kwa kuwa akikwisha kuumia ni vigumu kumvalisha. Mpe ratiba ya picha inayoonyesha nyimbo, maombi, mahubiri, kurudi nyumbani. Anza na muda mfupi, uondoke akiwa bado ametulia, na uuongeze polepole. Ibada ya dakika 15 iliyokwisha vizuri itamleta tena wiki ijayo.

Mwombe mtu mmoja unayemwamini asimame mlangoni. Watoto wengi wenye usonji hutoka na kutembea mbali bila kutambua hatari, na wengi huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vyao. Jambo hili ni zito kuliko kelele zote, na viongozi wa ibada walijue wazi.

Kwa wanaokodoa macho, neno moja linatosha: ana usonji, tunajitahidi, karibu umsalimie kwa kumpungia mkono. Wengi hawajui tu, na wakiambiwa hulainika. Kwa viongozi nina neno refu zaidi. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad alikuwa akianza sala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuwa alijua jinsi moyo wa mama unavyoumia. Mwezi Novemba 2014 Papa Francis alikutana mjini Vatikani na watu wenye usonji na familia zao, akahimiza kuvunjwa kwa upweke na unyanyapaa unaowaelemea. Kiongozi anayepunguza sauti ya spika moja kwa ajili ya mtoto mmoja anafuata mfano mzuri, na gharama yake ni kugeuza kitufe.

Je, atabatizwa, atapokea Ekaristi, ataswali, atafunga?

Kanisa Katoliki, katika kanuni ya 777 ya Sheria zake za mwaka 1983, linamtaka paroko ahakikishe kwamba watu wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata mafundisho kwa kadiri hali yao inavyoruhusu. Na Papa Pius X aliweka wazi tangu mwaka 1910 kwamba mtoto anayekaribia Ekaristi atakiwa kuitofautisha na mkate wa kawaida, jambo ambalo mtoto anaweza kulionyesha kwa ishara na kwa utulivu wake. Katika makanisa yanayobatiza kwa ungamo, omba ungamo lipokelewe kwa picha au kwa ishara. Katika Uislamu, Hadithi inayojulikana inasema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, miongoni mwao mtoto hadi abalehe na asiye na akili timamu; mtu mwenye usonji anaweza kuwa na ufahamu kamili au mdogo, kwa hiyo mama amwulize shehe anayemjua mtoto.

Wananiambia Mungu amenichagua kwa sababu nina nguvu. Mbona maneno hayo yananiuma?

Kwa sababu yanafunga mazungumzo. Mama akishaitwa shujaa hawezi tena kusema kwamba hajalala, na anayemsifu anapata ruhusa ya kwenda zake. Kurani, sura ya 2, aya ya 286, inasema kweli kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, lakini aya hiyo hiyo inaendelea kuwa dua ya watu wanaoomba wasitwishwe wasiyoyaweza. Anayekutakia mema na akushikie mtoto kwa saa moja ulale.

Nimechoka. Nimemkasirikia Mungu, na siku nyingine siwezi kuomba kabisa. Je, nimeacha imani?

Hujaiacha. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na imehifadhiwa ndani ya Biblia ili isomwe na watu kama sisi. Hana, mama yake nabii Samweli, aliomba kwa midomo inayotikisika bila sauti, kuhani akadhani amelewa. Mama wa mtoto asiyekubalika anajua maana ya kuhukumiwa hata akiwa anaomba. Katika Kurani, Yakubu anasema kwamba anashtakia huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu, na bado anahesabiwa kuwa mtu wa subira.

Eliya alipochoka hadi akaomba afe, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, akatuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena. Ninalitegemea sana simulizi hili la Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, kwa sababu linaweka usingizi na chakula mahali pa kwanza katika uponyaji wa mtu wa Mungu. Siku ambazo huwezi kuomba, waombe wengine waombe kwa niaba yako, na wewe ulale.

Lakini kuna uchovu unaovuka mpaka. Ukiona hupati furaha katika jambo lolote kwa wiki kadhaa, huli au huwezi kuamka, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo hutibika. Ukiona mawazo ya kujidhuru, au ya kuondoka duniani pamoja na mtoto, mwambie mtu mmoja leo hii, usikae peke yako na mtoto usiku huo, na mfike kituo cha afya. Kusema hivyo si kumkosea Mungu.

Baba wa mtoto hataki kukubali. Nifanyeje?

Mpe muda, lakini usimpe muda wa mtoto. Baba wengi huomboleza kwa kunyamaza au kwa kufanya kazi kupita kiasi, na wengine hurudi wakipewa jukumu moja mahususi, kama kumwogesha mtoto kila jioni au kumpeleka kwa mtaalamu, kuliko wakipewa hotuba. Wanaoondoka kabisa wapo pia, na mama aliyeachwa asikubali kuambiwa kwamba ameachwa na Mungu. Ndugu wa mtoto nao wasisahauliwe: waelezwe usonji kwa lugha yao, wawe na saa yao na mama, na wasiahidiwe kwa niaba yao kwamba watamtunza ndugu yao maisha yote.

Nikifa, nani atamtunza?

Karibu kila mama huliuliza swali hili, na wengi huliuliza wakati wa maombi tu. Linahitaji pia karatasi na kalamu.

Andika wosia unaotambulika kisheria mahali ulipo, na umtaje mlezi ambaye umeongea naye uso kwa uso, akakubali, na aliyekwisha kukaa na mtoto peke yake kwa siku nzima. Mtaje na wa pili. Weka daftari moja ambalo mtu mgeni akilifungua ataweza kumlea mtoto hadi kesho asubuhi: anakula nini na hali nini, dawa gani na saa ngapi, sauti gani zinamwumiza, anasemaje ndiyo na hapana, nini humtuliza, nani asiruhusiwe kumkaribia. Mfundishe mapema kujihudumia chooni, kuoga, kuvaa, kukataa kuguswa, na kuonyesha kadi yenye jina lake na namba ya simu. Mfundishe kuogelea ikiwezekana. Mzoeshe watu wengine taratibu, mmoja baada ya mwingine, ili asiwe mtoto ambaye dunia nzima ni mama yake peke yake.

Kusanyiko la imani lina kazi hapa kuliko mahali pengine popote. Nenda kwa viongozi wako ukiwa na ombi linaloweza kujibiwa: watu wawili au watatu wanaojifunza kumjua mtoto huyu sasa, akiwa mdogo, wanaojua kadi zake na wanaoweza kukaa naye. Ninamwomba Mungu anizidishie miaka, na ninaendelea kuwafundisha watu hao maana ya kila kadi.